Kabla ya kutia feza mu shimo, pima moyo na pima mufuko

Mu Shabunda kila mutu anajua mwenye alijenga nyumba ya mabati kwa dahabu. Kila mutu anajua pia wenye walirudi nyumbani na deni. Bahati iko na sehemu yake, lakini haielezi yote. Wengi walitoa feza bila kujiuliza: kama hii feza inapotea kesho, mimi na watu wa nyumba yangu tutabaki namna gani? Makala hii inaeleza namna mutu anaweza kupima hatari yenye anaweza kubeba, mbele ya kutoa hata dola moja.

Hakuna mwenye atakuuliza

Mu inchi za Ulaya, mutu akienda ku banki ili watie feza yake mu kazi fulani, banki inalazimishwa kumuuliza maswali kwanza. Sheria yenye ilianza kutumika mwaka 2007 inaomba banki ijue: uko na feza ngapi? Uko na deni? Hii feza utaihitaji wakati gani? Umekwisha kufanya kazi ya namna hii? Kisha majibu, ndipo wanamuambia kazi gani inamufaa na gani haimufai.

Huku kwetu mambo iko tofauti. Ndugu akikuletea habari ya shimo yenye "imekaribia kutoa", hatakuuliza kama mutoto wako anafanya egzameni ya Serikali mwaka huu. Negosia mwenye anatafuta wa kuchangia naye hatakuuliza kama mama yako iko mugonjwa. Wale wanatafuta feza. Kwa hiyo ile kazi ya banki inabaki yako. Ujiulize mwenyewe, na ujijibu bila kujidanganya.

Vitu viwili vyenye watu wanachanganya

Watu wanasema: "Huyu iko na roho nguvu, anaweza kutia feza mu dahabu." Lakini roho nguvu ni nusu tu ya hesabu. Kuko moyo na kuko mufuko, na hivi viwili havisemi luga moja kila siku.

Moyo ni ile hali yako ya ndani. Ukitia dola 200 mahali na kisha mwezi hakuna habari, unalala ao haulali? Unagombana na watoto? Unakimbilia kila moto yenye inatoka ku machimbo ili kuuliza habari? Kuko watu wenye wanaweza kungojea mwaka bila kuogopa. Kuko wengine, siku tatu tu, tumbo inaanza kuuma. Hakuna haya mu hiyo. Mungu hakuumba watu wote sawasawa.

Mufuko ni ile hali ya nyumba yako. Uko na watoto wangapi? Nani mwingine anatafuta chakula mu nyumba? Uko na shamba yenye inatoa muhogo na muchele, ao kila siku ni kununua? Uko na deni mu butiki? Ugonjwa ukiingia leo usiku, utafikisha mutu ku hospitali na feza gani?

Tuchukue mifano mbili. Tuseme kuko kijana wa miaka 24, hajaoa, anaishi kwa wazazi na iko na dola 300. Mufuko wake unaweza kubeba hasara, juu akipoteza zote, ku meza ya wazazi chakula haitapunguka. Lakini moyo wake ni mwoga. Huyu asilazimishwe na marafiki. Akiingia mu shimo na woga, ataondoka vibaya, siku ya kwanza yenye watu wataleta habari mbaya.

Tuseme tena kuko baba wa watoto sita. Moyo wake ni wa simba, alichimba tangu ujana wake. Iko pia na dola 300, lakini iko na deni ya dola 120 mu butiki, na watoto wawili wako mu sekondari. Huyu ndiye mwenye kuwa mu hatari kubwa, juu moyo wake unamudanganya. Moyo unasema "tia yote", na mufuko unasema "hata kumi ni nyingi".

Kwa hiyo, kati ya moyo na mufuko, fuata ule wenye kusema kidogo. Moyo ukisema 200 na mufuko ukisema 50, jibu ni 50. Mufuko ukisema 200 na moyo ukisema 50, jibu ni 50 vilevile.

Kwa nini mutu anaendelea kutia wakati anapoteza

Mwaka 1979, wachunguzi wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walionesha jambo moja yenye kila mama wa soko analijua bila kulisoma: uchungu wa kupoteza unapita furaha ya kupata. Mwenye kupoteza dola 100 anaumia kuliko vile mwenye kupata dola 100 anafurahi. Tena walionesha kama mutu mwenye iko anapoteza anakubali hatari kubwa zaidi, ili tu arudishe ile yenye ilienda. Kahneman alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002.

Tuangalie sasa namna shimo inakula feza. PDG wa shimo anatoa feza mbele ya kuona hata gramu moja. Ananunua muchele, makayabo, chumvi, sabuni, dawa, nyundo na betri za tochi. Wachimbaji wanakula wiki ya kwanza, ya pili, ya kumi. Mawe yenye wanatafuta bado haijaonekana. Ku kila wiki wanasema: "Tumekaribia, patron, ongeza kidogo tu." Na yeye anafikiri: nikiacha sasa, dola 400 zangu zimekufa, nikiongeza 50, labda zitafufuka. Hivyo anaongeza, na anaongeza tena.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba inaweza pia kutoboa kibaba. Ndiyo sababu mwisho wako inaomba uandikwe mbele ya kuanza, wakati akili ingali baridi: "Nitatia dola 100, kwa miezi minne. Kisha hapo, ninaacha, hata wakisema wameona mwangaza." Karatasi hiyo uipatie mutu mwenye haogopi kukukumbusha.

Ile yenye tulikwisha kuona

Hatari ya madini haiko tu mu udongo. Inaweza kutoka mbali, kwa watu wenye hawajui hata Shabunda iko wapi.

Mu mwaka 2000, bei ya koltani ku soko ya dunia ilipanda karibu mara kumi. Mu Kivu yote watu waliacha mashamba, walimu waliacha madarasa. Mu 2001 bei ikaanguka. Mwenye alikuwa ameuzisha ngombe ili anunue vyombo vya kuchimba alibaki na vyombo, bila ngombe.

Mu Septemba 2010, Raisi Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa mikono mu Maniema, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Ilidumu mpaka Machi 2011. Shimo yenye ilikuwa inatoa vizuri na ile yenye ilikuwa haitoi, zote zilifungwa siku moja. PDG mwenye alikuwa amehesabia kila kitu, udongo, maji, wachimbaji, hakuwa amehesabia tangazo ya Serikali. Na haikukuwa mara ya mwisho. Mu Julai 2024, gavana wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, naye alitangaza kusimamisha kazi ya madini mu jimbo.

Katikati ya hayo kulikuwa homa ya dahabu ya muto Ulindi. Karibu na 2014 na 2015, draga, zile mashine zenye zinafyonza muchanga chini ya maji, zilijaa mu muto. Ripoti ya shirika Global Witness ya mwaka 2016 ilihesabia kama dahabu hiyo iliweza kufika tone moja mu mwaka, yenye bei ya karibu milioni 38 za dola. Ile ripoti ilisema pia kama faida kidogo sana ilibakia kwa wakaaji wa Shabunda, na watu wenye silaha walikuwa wanalipisha kodi ku muto. Mwenye alitia feza mu draga alikuwa na hatari ingine, nje ya ile ya kukosa dahabu: motere kuharibika, mazutu kupanda bei, muzamiaji kufia mu maji, na mutu wa bunduki kuomba sehemu yake.

Hatusemi watu waache dahabu. Wengi wamesomesha watoto na dahabu. Lakini inaomba ujue majina ya hatari zenye unabeba. Hatari yenye uko na jina yake unaweza kuipima, na ile yenye haujui itakupima yenyewe.

Biashara nyingi zenye zinakula mu sahani moja

Wengine wanasema: "Mimi sitie feza mu shimo. Mimi niko na butiki, niko na moto mbili, na mwanamuke wangu iko na restora." Wanafikiri wamegawa hatari mu sehemu tatu.

Angalia vizuri. Nani ananunua mu butiki? Wachimbaji. Nani anapanda moto? Wachimbaji na manegosia. Nani anakula mu restora? Walewale. Siku machimbo inafungwa, butiki inalala, moto zinasimama, na restora inabaki na masufuria baridi. Madeni yenye ulitoa kwa wachimbaji nayo hairudi. Ni kazi tatu kweli, lakini zote zinakula mu sahani moja.

Kugawa hatari kwa kweli ni kutafuta kitu chenye hakifuate machimbo. Mashamba ya mupunga na muhogo, ngazi za mawese, viziwa vya samaki, mbuzi. Hivi navyo viko na hatari yao: mbuzi inaweza kufa na ugonjwa, mavuno inaweza kuibiwa, vita inaweza kukimbiza watu. Lakini siku bei ya madini inaanguka, muhogo unaendelea kukua mu udongo. Tena mu territwari yetu, yenye barabara kwenda Bukavu ni shida na vitu vingi vinafika kwa avioni, chakula cha hapahapa kinapata muteja hata wakati mubaya.

Kuchunga feza chini ya kitanda nayo ni hatari

Mutu anaweza kusoma mpaka hapa na kusema: basi, mimi nitafunga feza yangu mu nguo na kuizika. Lakini hata hiyo haikutoe mu hatari, inabadilisha hatari tu.

Wazee wanakumbuka mwisho wa mwaka 1979. Mobutu alitangaza kama noti za zaire 5 na 10 haziko na maana tena, na siku za kubadilisha zilikuwa kidogo sana. Watu wenye walikuwa mbali na mabanki, mu vijiji kama vyetu, waliumia kuliko wote. Kisha mu miaka ya 1990 bei zilipanda mpaka mu 1994 zilipita asilimia 9,000 mu mwaka moja. Feza yenye ilikuwa mu sanduku ilibakia makaratasi. Na franki ya leo: wakati ilianza, 30 Juni 1998, dola moja haikufika franki mbili. Mu mwaka 2024 dola moja ilipita franki 2,700. Mwenye alichunga franki miaka yote ile hakuibiwa na mutu yeyote, lakini feza yake ilikwisha.

Banki nayo iko na hatari yake. Mu Februari 2025, wakati AFC/M23 iliingia Bukavu, mabanki ilifunga milango na avioni zilisimama ku kiwanja cha Kavumu. Watu wenye walikuwa na feza ku konti hawakuipoteza siku ile, lakini hawakuweza kuishika wakati njaa ilikuwa mulangoni. Feza inaweza kuwa salama na bado isikuwe karibu. Unapopima hatari, usiulize tu "nitaipoteza?", uulize pia "nikiihitaji usiku huu, nitaipata?"

Mu vijiji vingi watu walijibu hii shida na MUSO na AVEC. AVEC ilianzia Niger mwaka 1991, na sasa iko Afrika yote. Wanamemba wanakutana kila wiki, kila mutu ananunua sehemu zake kwa kadiri ya nguvu yake, feza inakaa mu sanduku yenye makufuli tatu na funguo iko kwa watu tatu tofauti. Wanamemba wanakopa na kurudisha na faida kidogo, na mwisho wa mwaka wanagawa. Ni kazi nzuri kwa mutu mwenye moyo mwoga, juu anaona feza yake kila wiki. Lakini angalia: kama wanamemba wote ni wa machimbo, AVEC yenu nayo inakula mu ile sahani moja. Na sanduku yenye kujaa sana inaita mwizi.

Maswali tano ya kujijibu

Chukua karatasi na bic. Andika, usijibu tu mu kichwa.

1. Hii feza ni ya nani? Kama ni ya masomo, ya dawa, ya mahari ao ya watu wa kanisa, haiko feza ya kutia mu hatari, hata kama iko mu mukono wako.

2. Nitaihitaji wakati gani? Feza yenye utahitaji mbele ya miezi sita isiingie mu kitu chenye haujui siku kitatoa.

3. Ikipotea yote, nyumba itakula miezi mingapi? Kama jibu iko chini ya miezi mitatu, anza kwanza kujaza hapo.

4. Mara ya mwisho nilipoteza, nilifanya nini? Mutu anajisifu mbele, lakini matendo yake ya zamani ndiyo inasema ukweli. Kama ulilala vizuri na ukaanza tena pole pole, moyo wako ni nguvu. Kama ulikopa ili urudishe, ao ukaanza kunywa, ujichunge.

5. Ninaelewa kazi yenyewe? Kama hauwezi kumueleza mutoto wa miaka 12 namna ile feza itazaa, usiitoe.

Kugawa mafungu tatu

Kisha maswali, gawa feza yako. Tuchukue mufano wa mama mwenye kuuzisha mafuta ya mawese, mwenye amekusanya dola 600 na iko na watoto wanne.

Fungu ya kwanza ni ya kulala vizuri: dola 300. Ni chakula cha miezi, ugonjwa na masomo. Haiguswe na biashara. Sehemu iwe ku simu, sehemu mu mukono, ili shida moja isifunge yote.

Fungu ya pili ni ya kazi ya pole pole: dola 200. Ni kuongeza madebe ya mafuta, sehemu za AVEC, mbuzi wawili. Inaweza kupunguka, lakini ni vigumu ipotee yote siku moja.

Fungu ya tatu ni ya kujaribu: dola 100. Hapa ndipo anaweza kuchangia ku shimo, kama anapenda. Ikizaa, asifu Mungu. Ikifa, haruhusiwe kuchota mu fungu zingine mbili ili kuifufua.

Hesabu hizi ni mufano tu. Wewe unaweza kuweka 500, 100 na sifuri, na hiyo sifuri si aibu.

Kama haujui moyo wako unabeba ngapi, kuko zoezi rahisi. Ile feza unataka kutia, mupatie dada yako aichunge mwezi moja, na uishi kama vile imekwisha kupotea. Kama mu wiki ya pili unarudi kwake kuomba dola kumi ya sabuni, umekwisha kupata jibu, na haikukugharimu kitu.

Anayeahidi bila hatari

Jambo ya mwisho ni juu ya wale wenye wanakuja na ahadi: "Tia 100, kisha mwezi utapata 300, hakuna hatari." Mu 1990 na 1991, Kinshasa ilijaa nyumba za namna hiyo. Yenye kujulikana sana ilikuwa Bindo Promotion. Wa kwanza walilipwa na feza ya wenye walikuja nyuma yao, mpaka wa nyuma walikosekana. Watu waliuzisha friji na vitanda ili waingie, na wakabakia bila kitu. Leo namna ile inapita ku simu, na majina mapya kila mwaka. Faida kubwa inatembea na hatari kubwa kila siku. Mwenye kukuonesha faida peke yake amekuficha hatari, ao yeye mwenyewe hajaiona.

Na mbele ya kutoa feza, zungumuzeni mu nyumba. Sheria ya familia ya Kongo, yenye ilirekebishwa mwaka 2016, iliondoa ile ruhusa ya bwana yenye mwanamuke alikuwa analazimishwa kuomba. Inataka bibi na bwana wapatane ku mambo yenye inafunga wote wawili. Hii ni sheria, lakini ni hekima pia. Bwana anaweza kuwa na moyo wa simba na bibi ndiye mwenye kujua kama unga imebaki ya siku ngapi. Mukikaa wote wawili na ile karatasi ya maswali tano, mutapata hesabu yenye nyumba yote inaweza kubeba.